Mitofaa ya bondeni: shajara ya shamba, Lubumbashi

25 Novemba 2022

Mvua imeshakaza, mashimo yalikuwa yanangoja tangu Septemba, na leo mitofaa minane imeingia ardhini: minne ya aina ya Anna, minne ya Dorsett Golden. Tuliiagiza kutoka kitalu kimoja cha Lusaka. Ikapita mpaka wa Kasumbalesa na karatasi yake ya afya ya mimea, njia ileile inayopitwa na malori ya matofaa ya Afrika Kusini, yale pome tunayonunua barabarani. Shemeji aliyenisaidia kubeba aliuliza kwa nini nisipande miembe kama watu wengine. Nimemwambia miembe nayo itakuja.

Sikuchagua aina hizi kwa ladha. Mtofaa wa Ulaya ni mti unaohesabu baridi. Majani yakishaanguka, macho ya matawi hufunga na kulala, na hayafunguki mpaka mti upate saa za baridi za kutosha; kwa kawaida huhesabiwa zile zilizo kati ya nyuzi 0 na 7. Aina nyingi za kule hudai saa 800 hadi 1,000, nyingine zaidi. Ni kinga dhidi ya kudanganywa: mti ukichipua kwa jua la siku mbili za Januari, jalidi la Februari, baridi ile ya kugandisha, litaunguza kila kitu. Anna ilizalishwa Israeli, kwenye kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Ein Shemer, kwa ajili ya nchi zenye baridi fupi. Dorsett Golden ilipatikana Bahamas, ambako jalidi halijulikani. Zote mbili huridhika na saa mia mbili tatu hivi, hata pungufu. Tena zinahitajiana, kwa sababu Anna peke yake huzaa kidogo, na Dorsett huchanua wakati uleule na kumpa chavua.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Liège huko Ubelgiji na ana bustani nyuma ya nyumba. Jioni ametuma sauti kwenye WhatsApp: “Mudogo yangu, umechagua siku muzuri. Leo ni Sainte-Catherine, kule kwetu banasema hata kipande ya muti ukisimika itaota mizizi.” Kweli Wabelgiji na Wafaransa wana msemo huo wa sikukuu ya Mtakatifu Katarina. Kinachonifurahisha ni kwamba tarehe ni moja na sababu zinapingana. Kule mti umelala, udongo bado una joto kidogo na unyevu, basi mizizi inajenga polepole bila kulazimika kulisha majani. Hapa mti uko macho kabisa, na tunapanda kwa sababu mvua ndiyo kwanza imeanza na inabaki miezi minne ya kunywa bure.

Januari 2023

Niandike kuhusu mahali, maana kila anayekuja anashangaa kwa nini mitofaa iko chini bondeni na mboga ziko juu.

Kwanza, shamba lenyewe liko kusini-mashariki ya mji, na hilo halikuwa bahati. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na pepo za kiangazi zinavuma kutoka kusini-mashariki. Moshi wa miaka mingi ulianguka upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko una shaba, kobalti, risasi na kadimiamu kuliko mboga inavyostahili. Anayenunua kiwanja cha kulima asimame kwanza aulize upepo.

Pili, vitabu vyote vya bustani vya Ubelgiji vinaonya: usipande mti wa matunda bondeni. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kujikusanya kwenye shimo, na huko ndiko maua yanakofia kwa jalidi la Aprili. Mimi nimesoma onyo hilo kama maelekezo ya njia. Mti wangu unatafuta baridi, basi niupeleke inakolala baridi. Kiwanja chetu kinateremka hadi dambo, bonde la nyasi na majimaji, na mitofaa imekaa pale chini kabisa, hatua chache kabla ya matope.

Tatizo la dambo ni maji ya sasa hivi. Miti yetu imeunganishwa juu ya shina la mtofaa mwingine, MM.106, lililotoka East Malling huko Uingereza. Shina hilo linasifiwa kwa kuvumilia chawa wa sufi, wadudu wanaofyonza mitofaa, na linajulikana pia kwa kuoza shingo likisimama majini. Ndiyo maana kabla ya kupanda tulijenga matuta yanayofika magotini, kwa udongo wa kichuguu. Kichuguu kikubwa kilichokuwa katikati ya kiwanja tulikikata nusu. Mafundi wa matofali walitaka kukinunua chote. Udongo wake una chokaa na virutubisho kuliko huu mwekundu unaotuzunguka, na mchwa wameshauchekecha bila malipo.

Machi 2023

Miti imeshika. Mmoja wa Anna ulikatwa kichwa na mbuzi wa jirani, ukachipua pembeni. Tumejenga uzio.

Julai 2023

Vipimajoto viwili vya kushika kiwango cha chini na cha juu, kimoja juu penye mboga, kimoja bondeni. Usiku usio na wingu, juu kinaonyesha nyuzi 9 na chini 5. Alfajiri moja chini kilishuka hadi 3, na nyasi za dambo zilikuwa na vumbi jeupe lililoyeyuka kabla chai haijachemka. Nilipiga picha, nikamtumia yaya. Akacheka sana: “Unafurahia jalidi?”

Lakini hesabu haidanganyi. Hapa baridi ni ya usiku tu. Inaingia chini ya nyuzi 7 baada ya saa tisa usiku na inatoka jua likipanda. Mchana tunafika 25. Nikijumlisha kwa ukarimu, msimu mzima haufiki saa mia mbili. Tena mchana wenye joto unafuta sehemu ya kilichokusanywa usiku. Watu wa Utah nchini Marekani walipotengeneza namna yao ya kuhesabu mwaka 1974, waliingiza hilo: saa za joto zinatolewa kwenye jumla. Kwa hesabu yao sijui kama mti wangu umelala hata kidogo.

Majani bado yako mtini, ya kijani kibichi iliyochoka.

Agosti 2023

Mambo ya juu ya mteremko, kwa sababu ndiyo yanayolipa mshahara wa kijana anayenyweshea.

Majira ya baridi ya Ulaya ni wakati wa kufunika na kungoja. Yaya anatandaza majani makavu juu ya karoti na liki ili ardhi isigande, anaingiza vyungu vya jeranium ndani, anakausha bomba lisipasuke, kisha anakaa na orodha za mbegu. Kwetu miezi hiyo ya baridi, Mei hadi Agosti, ndiyo msimu wenyewe wa bustani, ilimradi una maji. Kabichi hufunga kichwa vizuri, karoti hunyooka, magonjwa ya ukungu yamepumzika kwa sababu hakuna mvua. Lengalenga huzubaa kidogo, lakini hiyo si mboga ya kukosekana Lubumbashi.

Stroberi ndiyo iliyonishangaza. Aina za zamani hutengeneza maua siku zikifupika na hewa ikipoa. Kule zinafanya hivyo vuli, zinalala chini ya theluji, zinazaa Juni. Hapa siku fupi kabisa ya mwaka, Juni, ina saa kumi na moja na nusu hivi za mwanga, na usiku ni baridi. Mmea unapata ishara yote unayoitaka, kisha badala ya theluji unapata jua. Haulali. Unatoa maua na matunda mfululizo mpaka joto la Septemba.

Matandazo ni kesi nyingine. Nyasi kavu kiangazi ni karamu ya mchwa. Ukiziweka leo, wiki ijayo kuna njia za udongo juu yake, na zikiisha mchwa wanahamia kwenye shina. Mzee jirani, ambaye amelima hapa tangu kabla sijazaliwa, alinifundisha kutumia majani mabichi, kwa tabaka jembamba, na kuacha duara tupu la kiganja kuzunguka kila shina, na majivu ya makala, yaani mkaa, ndani ya duara hilo. “Lukasu yako ikose kazi siku mbili tu,” alisema, yaani jembe, “mchwa watakuamkia.”

Mei 2024

Kule Ubelgiji wanangoja watakatifu wa barafu: Mamert, Pancras na Servais, tarehe 11 hadi 13 Mei. Kabla hawajapita hakuna anayethubutu kutoa nyanya nje. Si ushirikina mtupu. Aprili 2017 jalidi liliunguza maua ya matunda huko Ubelgiji, na Aprili 2021 likapiga Ufaransa vibaya zaidi. Wakulima huamka usiku na kunyunyizia maua maji, yagande juu yake. Inaonekana wazimu, lakini maji yanapoganda yanaachia joto, na maadamu unaendelea kunyunyizia, ua lililo ndani ya barafu linabaki karibu na 0.

Mimi tarehe hizohizo nimefunga maji ya mitofaa. Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Nataka mti uone kiu, usimame.

Saumu imepandwa. Ilikaa kwanza wiki kadhaa kwenye friji ya mama mkwe, kwa sababu saumu isiyoonja baridi hutoa kichwa kimoja cha mviringo bila punje. Umeme ulikatika mara kwa mara, lakini friji iliyojaa haipoi wala kupata joto upesi. Nyumba nzima ilinuka saumu, na mama mkwe ameshanijulisha bei yake: mafungu mawili.

Septemba 2024

Mwaka wa pili wa mitofaa, na picha haipendezi. Bila baridi ya kutosha mti haukuangusha majani. Yalibaki hadi Agosti, yametoboka na yana kutu. Kisha macho ya ncha za matawi yakafunguka peke yao, maua machache hapa, machache kule, na chini ya ncha hizo tawi refu tupu, macho yote yamefumba. Wataalamu wanaijua dalili hii, ni mti ulioamka nusu.

Wakati huohuo, juu kwenye ukingo wa kiwanja, miputu, miti ya msituni kwetu, inanichekelea. Ilipukutisha majani Juni na Julai, haikuonja tone la mvua, na sasa, mwezi na zaidi kabla ya mvua, imevaa majani mapya mekundu kama shaba. Msitu wote wa miombo uko hivyo. Miti hii inalala kwa kiu na kuamka kwa joto, ikitumia maji iliyoyaweka ndani na yaliyo chini kabisa ya ardhi. Basi hapa kuna majira ya kuchipua, na yana tarehe yake, ila hayahusiani na saa za chini ya nyuzi 7. Tangu leo nimeacha kugeuza almanaka ya bustani ya yaya kwa kuongeza miezi sita. Kila kazi ninayosoma humo nitauliza ilikuwa inamfanyia mti nini, halafu nitazame muputu nijue lini.

Desemba 2024

Nimesoma sana kuhusu Batu, mji wa Java ya Mashariki huko Indonesia. Wako karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, sisi 11 na kidogo. Wako kwenye mwinuko kama wetu au chini yake. Baridi ya kulaza mtofaa hawana kabisa. Wanazaa matofaa mara mbili kwa mwaka. Siri yao ni mikono: mwezi mmoja hivi baada ya kuvuna wanachuma majani yote, jani moja moja, na kuinamisha matawi yalale. Jani ndilo linaloliambia jicho lililo kwapani mwake litulie. Ukiliondoa kabla jicho halijazama kwenye usingizi mzito, jicho linafunguka. Na tawi lililolazwa linafungua macho ya ubavuni badala ya ncha tu.

Ipo pia dawa ya kuamsha miti, sianamidi ya hidrojeni. Ni sumu kali, anayeinyunyizia akionja pombe anaugua, na Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2008. Haitaingia shambani kwangu.

18 Mei 2025

Jaribio. Miti minne ya upande wa mashariki, miwili ya kila aina, tumeivua majani leo, kabla ya baridi. Iliyobaki itangoja mpaka baridi ipite. Nataka kujua kama hizo saa chache za bondeni zina faida yoyote, au ni kiu na mikono tu vinavyofanya kazi.

Kuvua majani kunachosha shingo. Watoto wa mzee jirani walisaidia kwa malipo ya stroberi. Matawi tumeyafunga kwa kamba za mpira wa tairi kwenye vigingi. Baada ya kuvua tumeipa miti maji mengi, ndoo nne kwa kila mti, kisha kila juma.

Mzee alikuja, akatazama, akaondoka bila kusema kitu. Nadhani alifikiri nimeua miti.

2 Julai 2025

Kundi la kwanza lilianza kuchanua wiki iliyopita, katikati ya baridi. Maua ni mengi kuliko mwaka jana, lakini yamejaa kwenye ncha, na hata matawi yaliyolazwa yana sehemu ndefu tupu. Nyuki wanachelewa, huku chini hawaonekani mpaka saa nne asubuhi.

Leo tumevua kundi la pili. Mwaka huu majani yake yalikuwa yanatoka kwa kuguswa tu, tofauti na yale ya Mei tuliyoyakata kwa kucha. Hiyo peke yake ni habari.

Vigogo vyote tumevipaka chokaa ya Likasi iliyokorogwa na maji. Yaya pia hupaka vyake, Novemba: jua la majira ya baridi hupasha ganda la kusini, usiku linaganda, linapasuka. Kwangu hakuna mgando wa kupasua kitu, lakini mti usio na majani mwezi wa Agosti unaungua ganda waziwazi, na penye jeraha la jua ndipo mchwa na funza wanapoingilia.

16 Agosti 2025

Kundi la pili limefunguka karibu lote kwa wakati mmoja. Macho ya ubavuni, ya katikati, hata karibu na shina. Anna na Dorsett pamoja, weupe wenye waridi, na nyuki tangu saa mbili kwa sababu baridi imeisha na miombo inaanza kuchanua. Baridi ndogo ya bondeni ina kazi, basi. Haitoshi kuamsha mti wenyewe, lakini inalegeza usingizi, na mikono inamalizia.

Mzee alirudi. Alikaa muda mrefu chini ya mti wa mwisho. Kisha akauliza kama mti wa peasi nao unavuliwa hivyo.

Moto ulipita ng'ambo ya dambo juzi usiku. Ukanda tuliofyeka Juni ulitosha. Majivu machache tu yalituangukia.

Septemba 2025

Kupunguza vitunda: kwenye kila kishada nimebakiza kimoja, kwa shida, mke wangu akilalamika kila kimoja kinapoanguka. Miti ya miaka mitatu haiwezi kulea yote.

Maji ya kisima yameshuka. Mitofaa kwanza, kabichi baadaye.

19 Oktoba 2025

Tumevuna kundi la kwanza. Kilo chache. Matofaa madogo, yenye rangi ya njano-njano na wekundu hafifu upande mmoja, mengine yana doa la kahawia la kuungua. Ngozi ya tofaa hupata wekundu mzuri usiku ukiwa wa baridi, na Oktoba ya Lubumbashi haina usiku kama huo, tunalala milango wazi. Ndani ni tamu, ila laini, na baada ya siku nne jikoni yanakuwa unga. Watoto hawakungoja siku nne.

Jambo jema ni kwamba yameiva kabla ya mvua, na hayana funza hata mmoja.

23 Novemba 2025

Kundi la pili lina matunda makubwa zaidi, magumu, mengi. Yataiva Desemba, na hapo ndipo vita ilipo. Mvua zimeanza tangu mwanzo wa mwezi, majani ya chini tayari yana madoa ya ukungu. Maembe ya jirani yanaanza kuiva, na pamoja nayo nzi wa matunda wa Asia, yule aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na tangu hapo ameenea Afrika karibu yote ya joto. Anatoboa ngozi, anataga ndani. Kwa nje unaona kitone tu.

Tunafunika tofaa moja moja kwa mfuko wa gazeti la zamani uliobanwa kwa uzi. Kijana amekuwa hodari kuliko mimi. Majani yenye madoa tunayaokota na kuyachoma kila jioni, na maembe yaliyoanguka kwa jirani tunayazika, baada ya kuomba ruhusa.

Mpango wa mwaka ujao umebadilika. Hakuna kuvua Mei tena. Miti yote minane itangoja baridi ya Juni ifanye kazi yake, kisha tutaivua ndani ya juma la tatu la mwezi huo badala ya Julai, maji yafuate siku hiyohiyo. Nikipata maua mwisho wa Julai, Anna itaiva katikati ya Novemba, nzi wakiwa bado wachache na ukungu haujashika. Majuma mawili hivi ndiyo ninayoyatafuta. Mzee ameshaweka oda ya vikonyo vya kuunganishia vya Dorsett, naye anataka kupanda kwake juu ya mteremko. Nimemwonyesha vile vipimajoto, amesema atafikiri.